Kutoka shantie ya Himbi hadi Montréal: namna nilivyopata kazi ya kusimamia ujenzi (uzi mrefu)

Mtoto wa Himbi (mwanzisha uzi)

Jambo ndugu zangu. Tangu mwanzo wa 2025 ujumbe unaniingia kila siku kutoka Goma na Bukavu, mashariki ya Kongo. Ni vijana waliosoma ujenzi, ni mafundi waliokuwa wakiongoza watu ishirini au thelathini. Shantie (mahali pa ujenzi) zimesimama, benki zimefunga, wenye nyumba wamekimbia. Swali ni lile lile: huko Kanada kazi ya kusimamia ujenzi inapatikanaje? Nimejibu mmoja mmoja kwa miezi, sasa naandika yote hapa. Walioko nchi nyingine nao waongeze yao.

Niliendesha shantie Goma miaka 9: nyumba za ghorofa Himbi, depo Birere, madarasa upande wa Sake. Niliingia Montréal, jimbo la Québec, na familia Novemba 2019. Leo mimi ni "chargé de projet" katika kampuni ndogo ya ujenzi, watu kama arobaini, ng'ambo ya mto upande wa kusini. Lakini kabla ya hapo nilipanga maboksi usiku kwenye ghala kwa miezi 14. Mtu akifika hana budi kula, sikatai kazi ya ghala, naipa heshima. Ila nusu ya miezi hiyo niliipoteza kwa kutojua mambo ambayo mtu angeniambia kwa jioni moja.

Nianze na lililoniuma zaidi. Goma nilikuwa Injinia. Mafundi, mwenye nyumba, hata mama wa chai na mandazi mlangoni pa shantie, hakuna aliyenijua kwa jina la baba yangu. CV yangu ya kwanza huku ilianza na "Ingénieur civil" kwa herufi nene. Niliituma mahali kama mia moja, nikajibiwa na wawili, wote wakikataa. Siku moja mama mmoja anayesaidia wahamiaji kutafuta kazi alichukua kalamu nyekundu akalikata lile neno. Akanieleza kwa upole kwamba Québec neno hilo linalindwa na sheria: anayelitumia ni aliyeandikishwa katika Ordre des ingénieurs du Québec, chama cha mainjinia, peke yake. Mwajiri akiliona kwa mtu asiye mwanachama anaona hatari, haoni ujuzi. Nilirudi nyumbani na metro, karatasi mkononi, na ule mstari mwekundu niliuona kama umepita juu yangu mimi. Mke wangu sikumwambia mpaka watoto walipolala.

Nikaja kuelewa kitu kimoja ambacho ndicho sababu ya uzi huu. Kusimamia ujenzi huku si lazima uwe injinia. Anayetia sahihi kwenye plani ni injinia au msanifu. Anayeendesha bei, tarehe, mafundi na karatasi za shantie ni mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye mimi niliyekuwa Goma kila siku. Majina ya kutafuta kwenye matangazo ni manne. "Estimateur" anahesabu bei kabla ya mnada, yaani zabuni ya kazi. "Coordonnateur de projets" anafuata karatasi na oda. "Surintendant" anakaa shantie asubuhi hadi jioni. "Chargé de projet" anabeba mkataba wote na pesa zake. Nyumbani tunasema "conducteur de travaux", na huku ukiandika hivyo hakuna anayejua ulifanya nini. Nami ndivyo nilivyokuwa nimeandika.

Maneno yalinitia aibu zaidi ya baridi. Wote tunasema Kifaransa, tunadhani tumeelewana. Sikilizeni haya mawili. Goma ukisema "fanya devi", unataka bei. Huku "devis" ni kitabu cha masharti ya ufundi: betoni (zege) iwe na nguvu gani, rangi ipakwe mara ngapi, mlango uwe wa namna gani. Bei wanaiita "soumission". Katika mahojiano yangu ya kwanza nilijigamba kwamba naweza kuandika devi ya nyumba nzima kwa siku mbili. Yule bwana alinikazia macho akaniuliza kama nilikuwa msanifu. La pili ni "maître d'œuvre". Kwetu ni ofisi inayochora na kuchunga kazi kwa niaba ya mwenye mali. Kwenye sheria ya usalama kazini ya Québec ni yule anayebeba jukumu la shantie nzima, mara nyingi ndiye mjenzi mkuu. Ukichanganya hayo mawili kwenye kikao, umejipa jukumu ambalo si lako au umelikimbia lililo lako.

Kazi niliipata hivi. Québec ina tovuti ya serikali ya minada, inaitwa SEAO. Shule ikitaka paa jipya au mji ukitaka karakana, tangazo linawekwa hapo, na baadaye inaonekana nani ameshinda. Niliacha kusubiri matangazo ya kazi. Kila Ijumaa nilitazama nani ameshinda mnada wa ukubwa ninaouweza, nikaandika barua fupi kwa kampuni hiyo: nimeona mmepata kazi fulani, mtahitaji mtu wa kufuata oda na kiasi cha vifaa, mimi nimefanya hivyo miaka 9. Barua ya kumi na tisa ilijibiwa.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Diploma hakuiuliza. Alitandika plani mezani, akanipa kalkuleta na nusu saa: hesabu betoni ya msingi na kuta zake. Nilihesabu, namba zangu zikawa karibu na zake. Kisha akauliza, "Kwenu ulikuwa unafuataje kazi?"

Nikatoa kaye yangu kwenye mfuko. Ni daftari la miraba, jalada la bluu limeliwa kona moja, na katikati ya kurasa kuna lile vumbi jeusi la lava ya volkano ya Goma ambalo halitoki hata ukipangusa. Kila siku ina ukurasa wake: nani kaja, nani hakuja, mvua ilianza saa ngapi, mifuko ya simenti iliyoingia na iliyotoka. Akafungua Ijumaa moja: betoni mita za ujazo 9, mifuko 63. Akagawa kichwani. "Saba kwa mita." Nikasema ndiyo, kilo 350, mfuko wa kilo 50. Akageuza: mita 6, mifuko 44. "Hapa imezidi miwili." Nikamwonyesha mstari mdogo chini kabisa: mifuko 2 imenyeshewa, haikufunikwa, imetupwa. Alikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko plani. Nikaanza Jumatatu, msaidizi wa kuhesabu bei, dola 24 kwa saa.

Kaye ile nilikaribia kuiacha Goma. Mke wangu ndiye aliyeitia kwenye sanduku kati ya nguo za watoto.

Nitaendelea kesho kuhusu baridi na vipimo. Ulizeni.

Kijana wa Ndosho

Kaka mkubwa, aksanti sana. Nimesoma mara mbili. Mimi nina A1 ya ujenzi, ile diploma ya miaka mitatu ya chuo, na miaka minne ya shantie, mingi nikiwa msaidizi wa injinia. Watu hapa wanasema bila kadi ya CCQ hugusi kitu huko. Wengine wanasema lazima ASP kwanza. Na hiyo A1 wataitambua kweli? Mama yangu yuko tayari kuuza kiwanja kunisaidia, nisingependa akiuze kwa jambo nisilolijua.

Mtoto wa Himbi

Mdogo wangu, mwambie mama asiuze kitu bado.

CCQ ni Commission de la construction du Québec. Kadi yake ni ya mafundi wa mikono: seremala, mwashi, mfunga vyuma na wengine. Mlango wa kupata kadi hiyo kwa mtu mpya mara nyingi hufunguka pale mafundi wanapopungua katika eneo. Mtu wa ofisi ya mradi haihitaji. Lakini usiende kushika nyundo shantie bila kadi ukidhani unasaidia, faini ni ya kweli, na kampuni itakuchukia. Mimi nilikatazwa hata kusogeza ubao. Mara ya kwanza niliona ni kiburi, kwa sababu Goma injinia asiyebeba jiwe siku ya betoni mafundi hawamheshimu. Baadaye nikaelewa kwamba ule ubao ni mkate wa mtu.

ASP ndiyo ile kozi ya afya na usalama kwenye shantie, saa 30. Ifanye mara ukifika, kabla hata ya kutafuta kazi. Shantie nyingi hawakupitishi langoni bila hiyo, hata kama umekuja na kalamu tu. Mimi niliifanya mwezi wa kumi baada ya kufika. Ningeifanya wa kwanza.

Kuhusu A1: wizara ya uhamiaji ya Québec inatoa karatasi inaitwa "évaluation comparative". Inasema masomo yako yanalingana na ngazi gani huku. Si kibali cha kazi wala si uanachama wa Ordre, ni tafsiri ya ngazi. Waajiri wadogo hawaiulizi. Serikali, manispaa na vyuo wanaiuliza. Kwa hiyo utahitaji relevé (karatasi za alama) za kila mwaka, si diploma peke yake, na ukiweza programu ya masomo yenye muhuri, somo kwa somo na saa zake. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuipata ukiwa mbali. Binamu yangu alirudi kwenye ofisi ya chuo mara sita kwa ajili yangu. Wewe uko hapo hapo, nenda mwenyewe.

Mama wa Kadutu

Mimi ni wa Bukavu, niko Montréal tangu 2016, naungana na kaka kwa mengi ila si kwa yote.

Kijana wa miaka 25 au 26 mwenye diploma kamili ya uinjinia asiambiwe aache jina lake mpakani kana kwamba hatalirudia. Nilifungua dosye (faili) yangu kwa Ordre mwaka wangu wa pili. Diploma zetu haziko kwenye makubaliano kama zile za Ufaransa, kwa hiyo wanatazama somo kwa somo, wanaweza kukupa mitihani. Nilipewa. Nilisoma usiku, mtoto mgongoni, ilichukua miaka mitatu. Leo natia sahihi. Mshahara ni mwingine, na siku kampuni ikipunguza watu, hawaanzi na wewe.

Jambo la pili ni la dada zangu. Kwenye shantie nyingi nilizoingia nilikuwa mwanamke pekee, na mara nyingi Mwafrika pekee. Usalama huku una meno: CNESST, wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, ikifika na kukuta shimo lisilo na kingo, wanasimamisha kazi, na kila mfanyakazi ana haki ya kukataa kazi ya hatari. Mimi nilikuta nguvu yangu hapo. Mtu aliyedharau sauti yangu kuhusu bei hakuweza kudharau karatasi yangu kuhusu shimo. Bukavu nimeona udongo wa mlimani ukishuka na nyumba za watu usiku wa mvua. Nikisema ukuta wa shimo hauaminiki, sikujifunza hilo kwenye kitabu.

Mtoto wa Himbi

Dada, nakubali, na ninafurahi umeandika. Mimi nilifika na miaka 38 na watoto wawili, hesabu yangu ilikuwa nyingine. Kwa kijana, dosye ya Ordre aifungue mapema huku akifanya kazi ya kuhesabu bei. Asisubiri moja imalize nyingine.

Sasa baridi na vipimo, kama nilivyoahidi.

Goma msingi tunachimba kwa nyundo na sururu. Ukifika kwenye lava ngumu umefika, unasafisha, unamwaga. Nyumba nyingi katikati ya mji zimekaa juu ya lava ya 2002. Huku adui wa msingi ni barafu. Maji ya udongoni yanaganda, yanavimba, yanainua nyumba. Kwa hiyo msingi unashuka chini ya pale baridi inapofika, Montréal ni kama mita 1.2 hadi 1.5. Mara ya kwanza nilipohesabu bei peke yangu, gereji ndogo, niliweka msingi wa sentimita 60 kwa sababu plani ilikuwa ya awali na kina hakikuandikwa. Mzee aliona kabla haijatoka. Hakunifokea. Alinipeleka nyuma ya ofisi kwenye ngazi ya zamani ya zege iliyojitenga na ukuta, nafasi ya kuingiza ngumi nzima, akaniambia, "Hii iliwekwa juu juu."

Na betoni yenyewe: hewa ikishuka hadi nyuzi joto 5 au chini yake, masharti ya majira ya baridi yanaanza. Unafunika kwa maturubai mazito, unawasha mashine za joto, unapima na kuandika. Betoni ikiganda kabla haijashika, maji yaliyomo yanakuwa barafu na nguvu inakwisha. Sisi wa Goma tunajua kuilinda betoni na jua na mvua. Hili la baridi jifunzeni kabla ya mahojiano, kwa sababu ndilo swali wanalomuuliza kila mtu wa kwetu.

Vipimo: plani za majengo ya serikali ziko kwa milimita, lakini midomo ya mafundi iko kwa futi na inchi. Ubao unaoitwa "2 kwa 4" haufiki inchi 2 wala 4, ni milimita 38 kwa 89. Nguzo za ukuta ziko kila inchi 16. Bamba la mbao ni futi 4 kwa 8. Nilibandika karatasi ya kubadilisha vipimo ndani ya mlango wa choo cha nyumbani, wiki tatu, familia nzima ikashika.

Msafiri wa Hamilton

Mimi niko Ontario, Kiingereza nilikijifunza kambini Uganda. Kwetu huku Kifaransa hakikusaidii shantie. Kozi ya kufanya kazi juu, ile ya mikanda na kamba, ndiyo wanaitaka kwanza, na inaisha baada ya miaka 3, angalieni tarehe. Kwa mainjinia: tangu Mei 2023 chama cha mainjinia wa Ontario kimeondoa sharti la kuwa na uzoefu wa Kanada ili kupata leseni. Uzoefu bado wanautaka, ila ule wa Goma unaweza kuhesabiwa ukiuandika vizuri na ukawa na mtu wa kuuthibitisha. Rafiki yangu wa Beni alikwama miaka mingi kwa sharti lile. Lilipoondoka alilia kwenye simu.

Kuna pia cheti kinachoitwa Gold Seal, cha chama cha wajenzi wa Kanada nzima, kwa wasimamizi, wahesabu bei na wakuu wa shantie. Hakikupi kazi ya kwanza. Mimi kilinipandisha kwenye ya pili.

Mlushois wa Jozi

Yaya, nawasalimu kutoka Johannesburg. Nilitoka Lubumbashi kwa basi, mpakani Kasumbalesa hadi huku, kwa hiyo safari yangu ni fupi kuliko yenu, lakini karatasi ni zile zile. Afrika Kusini mambo yako tofauti kidogo: hapa usimamizi wa ujenzi wenyewe una baraza lake la kisheria, SACPCMP, lililowekwa na sheria ya 2000. Diploma yako ipeleke SAQA ilinganishwe, halafu baraza. Bila Kiingereza usijaribu, nilipoteza mwaka.

Jambo moja la kuwaambia wa Lubumbashi: tumezoea shantie za migodi, pale usalama tayari ni mkali, kofia, viatu, kikao cha asubuhi. Andikeni hilo kwenye CV kwa urefu. Mimi niliandika "villa" sita nilizojenga za matofali, hakuna aliyejali. Nilipoandika kwamba niliongoza kikao cha usalama kila asubuhi kwa watu 45 kwenye eneo la mgodi, simu ililia wiki ile ile. Na msitume CV Desemba. Wajenzi wa huku wanafunga katikati ya mwezi hadi Januari.

Mtoto wa Himbi

Aksanti ndugu. Huku wanafunga wiki mbili za mwisho za Julai, na tena Noeli. Mimi barua zangu zilizojibiwa zote ziliondoka kati ya Januari na Machi, wanapopanga kazi za majira ya joto.

Jirani wa Majengo

Niruhusuni niseme langu. Mwaka jana mtu mmoja hapa Goma alituambia ana mikataba ya ujenzi Kanada, watu 12, kila mmoja dola 1,800. Alikuwa na karatasi zenye nembo, alikuwa na ofisi, alitupima hata macho. Mimi nilikopa. Hayupo tena, simu imekufa. Mke wangu anauza samaki kulipa deni langu. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu yule kijana wa Ndosho ametaja kiwanja cha mama.

Mtoto wa Himbi

Pole sana jirani. Pole ya kweli, na mama wa nyumbani mpe heshima zangu.

Kila mtu asome hapa. Mshauri wa uhamiaji wa Kanada lazima awe ameandikishwa kwenye chuo cha washauri kinachosimamiwa na sheria, na jina lake linaonekana kwenye orodha ya wazi. Kwa Québec awe pia kwenye orodha ya wizara yao. Mawakili nao wana orodha yao. Jina halipo, ondoka. Na Québec inakataza wakala wa ajira kumtoza mfanyakazi wa muda anayetoka nje pesa ya kumwajiri. Anayekuomba dola kwa ajili ya "kontrati" anavunja sheria ya mahali anapodai kukupeleka. Njia za viza zinafungwa na kufunguliwa, kwa hiyo hata mimi msinisikilize kwa hilo, fungueni tovuti ya serikali siku hiyo hiyo mnayotaka kuomba.

Kijana wa Ndosho

Kaka, mama hatauza. Tumekaa naye jana, nimemsomea uzi wote, na ujumbe wa jirani nimemsomea mara mbili.

Leo nimekwenda chuoni, wamenipa relevé za miaka miwili, ya tatu nirudi Alhamisi. Programu ya masomo wamesema haijawahi kuombwa na mtu, nimewaomba waandike. Kaye sina kama yako. Nina makaratasi ya mafundi ya kila Jumamosi, siku za kazi na malipo, na picha kwenye simu, labda mia mbili. Nimejaribu kuandika mstari wa CV kama mnavyosema, nisahihishe:

"Ingénieur assistant, nilisimamia ujenzi wa jengo la ghorofa mbili Kyeshero."

Mama wa Kadutu

Ondoa "ingénieur". Weka idadi. Watu wangapi, miezi mingapi, betoni kiasi gani, nini kilikuwa chako wewe na si cha bosi wako.

Kijana wa Ndosho

"Msaidizi wa msimamizi wa shantie, jengo la ghorofa mbili, Kyeshero, miezi 11. Nilifuata mahudhurio na malipo ya mafundi 26 kila wiki, nilipokea na kuandika simenti, mchanga na vyuma, nilihesabu betoni ya sakafu mbili na ngazi."

Mtoto wa Himbi

Huyo sasa ni mtu ninayeweza kumpigia simu. Ongeza kama kuna aliyeumia kwenye miezi hiyo 11. Kama hakuna, andika hakuna. Kama yupo, andika mlifanya nini baada yake, watakuuliza.

Zile karatasi za Jumamosi zipige picha zote, pande mbili, uzihifadhi mahali pawili, simu inaibiwa. Majina ya mafundi yafunike kabla ya kumtumia mtu. Na zile picha mia mbili, zipange kwa tarehe leo usiku ukiwa bado unakumbuka ipi ni sakafu ya kwanza na ipi ni ya pili. Yule injinia uliyekuwa chini yake bado yuko Goma?

Kijana wa Ndosho

Amevuka mpaka, yuko Gisenyi, Rwanda, kwa dada yake. Naweza kufika Barrière, pale mpakani, kesho asubuhi, ananipokea upande wa pili.

Mtoto wa Himbi

Nenda. Akuandikie barua kwa mkono wake: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi zako kama ulivyoziandika hapo juu, sahihi na namba ya simu ambayo ataipokea. Mpelekee ule mstari wako umechapwa, asianze kukumbuka upya. Ukirudi nitumie picha ya barua, nitakuonyesha wanavyoitaka kabla huyo injinia hajahama tena.